Sahani ya Peke Yangu

Kama umeambiwa juzi kwamba una kifua kikuu, ukarudi nyumbani na kukaa kitandani unatazama vidole vya miguu yako, basi haya nimekuandikia wewe. Habari za vijidudu atakueleza daktari, na pengine hutazielewa, kama nisivyozielewa mimi mpaka leo. Mimi nitakueleza hofu, kwa sababu nimelala nayo na kuamka nayo. Na kama nyuma yako yupo mtu asiyeweza kujitunza, na swali lako la kwanza si "nitapona?" bali "nani atakaa naye?", nakuomba usome mpaka mwisho.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Nilikuwa nikiishi Waa, kijiji cha pwani, katika nyumba ya udongo aliyotuachia mama, mimi na ndugu yangu Kassim. Nilikuwa nimeachika, sina mtoto, ninalima mihogo na kuuza nazi kando ya barabara. Kassim alikuwa mdogo wangu, mwanamume mzima mwenye ndevu na mabega ya kubeba gunia, lakini akili yake ilikuwa ya mtoto ambaye bado hajapelekwa chuoni kusoma Kurani. Alizaliwa hivyo. Maneno yake yalikuwa machache, na mengi katika hayo yalikuwa majina ya watu. Mama alimfundisha mambo kidogo kwa subira ambayo mimi sikuirithi: kuamkia wakubwa, kunawa mikono, na kutotia mkono katika chakula kabla mkubwa hajatia wake. Hilo la mwisho alimfundisha kwa vikofi vidogo vya vidole, mlo kwa mlo, miaka na miaka. Watu walikuwa wakisema, "Huyu ana adabu kuliko wenye akili zao," na mama akicheka kwa furaha.

Kikohozi kilianza na masika. Nilisema ni mvua. Nikanywa tangawizi, nikanywa asali na ndimu, nikafungwa hirizi, na usiku nikawa ninalowesha godoro kwa jasho kana kwamba nimelala shambani. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kanga niliyokuwa nikijifunga mara moja ikawa inanizunguka mara mbili, na mifupa ya shingo ikatokeza hata nikaona haya kuoga mbele ya wanawake wenzangu.

Tulikuwa tukila kwa mjomba Omari, ndugu wa mama, aliyekaa nyumba ya pili. Kwetu mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake. Siku niliyotema damu mbele za watu, mke wa mjomba aliniletea sahani ya bati yenye ukingo wa buluu. Alikuwa ameikwaruza chini kwa msumari, isije ikachanganyika na nyingine. Hakunitukana wala hakununa. "Kula hapo nyuma, mwanangu," aliniambia, "penye upepo." Nikala nyuma ya jiko, peke yangu, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Wali ulikuwa ule ule na mchuzi ule ule, lakini haukushuka. Kassim akawa anageuza shingo kunitafuta, mikono yake mapajani, mpaka mjomba alipotia mkono siniani na kusema Bismillahi.

Hospitali ilikuwa kusini, kupita Ukunda. Huko nililijua benchi. Lilikuwa benchi refu la mbao lililong'arishwa na makalio ya wagonjwa, na tulikaa hapo tangu asubuhi, kila mtu na kikopo chake cha makohozi, tukitazama mlango mmoja. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mmoja akikohoa, benchi zima lilitikisika. Nilisoma kila dua niliyoijua, nikaanza tena mwanzo. Niliogopa kuitwa, na jina la mwingine likiitwa niliogopa kwamba wamenisahau.

"Utalala hapa, Bi Mejumaa," daktari aliniambia. "Si siku. Ni miezi."

"Siwezi, daktari. Nina mtoto nyumbani."

"Ana umri gani?"

"Ana ndevu," nikasema, kisha nikalia.

Mjomba alikuja kuzungumza nami penye veranda ya wodi, yeye upande wa bustani, mimi upande wa ndani. Alikuwa amekwisha amua. Kassim atapelekwa kwa jamaa zetu kijiji kimoja cha mbali, karibu na mikoko.

"Watamfunga kamba, mjomba. Nimekwisha kuwaona wakimfunga mwingine."

"Watamfunga kwa wema," alisema. "Pale maji yapo karibu na yeye hajui kuogelea. Wewe unataka azame?"

Hakuwa mtu mbaya, mjomba wangu. Alikuwa mzee mwenye watoto tisa na mke aliyeogopa. Lakini akilini nilimwona Kassim na kamba mguuni, akiita jina langu kila jua likichwa.

Ndipo akaja yule tuliyemwita Bwana Ustawi, afisa wa serikali wa ustawi wa jamii, mwenye kaptura iliyopigwa pasi kama kadi. Alisema nyuma ya hospitali, ng'ambo ya mikanju, yaani mikorosho, ipo nyumba inayolipiwa na serikali pamoja na baraza la wilaya, inayokaliwa na watu wanane wa namna ya Kassim, wakubwa, wake kwa waume, kila mmoja na kitanda chake. Zamani ilikuwa nyumba ya mzungu. "Huyu ni raia kama wewe na mimi," alisema. "Serikali yenu itamlisha."

Mjomba alicheka kicheko kikavu. Alipoondoka Bwana Ustawi, mjomba alinisogelea, akasahau hata kuogopa kikohozi changu. "Mejumaa, serikali imlishe mtu bure, kwa faida gani? Hujasikia habari za mumiani? Wanawanenepesha, kisha wananyonya damu ya kutengenezea dawa."

Nilikuwa nimesikia. Nani wa pwani hajasikia? Na usiniulize kama niliamini. Mchana sikuamini, usiku niliamini. Lakini kamba nilikuwa nimeiona kwa macho yangu na mumiani sijamwona, basi nikakubali. Kassim akaletwa, kavaa kanzu yake ya Idi. Sikuruhusiwa kumkumbatia. Muuguzi aliyesimamia nyumba ile, Mtaita mmoja mrefu aliyeitwa Sista Wakesho, alimshika mkono, naye akaenda huku anatazama nyuma mpaka mikanju ikamficha.

Sindano zilikuwa kila asubuhi. Zilianza tako la kulia, kesho yake la kushoto, mpaka pande zote mbili zikawa ngumu kama muhogo mkavu na nikawa ninalala kifudifudi. Juu yake vidonge vikubwa vyeupe, na unga mchungu ulionikunja uso kila nilipoumeza. Baada ya muda masikio yakaanza kulia ndani kwa ndani, nyenje wa mchana na usiku, na sakafu ikawa inayumba. Sikio la kushoto halijarudi mpaka leo. Ukitaka kunisengenya, kaa upande huo.

Jirani yangu wa kitanda alikuwa Bi Zuhura wa kisiwa cha Funzi, mzee mwembamba aliyeugua kabla yangu na mwenye ulimi usiolala. "Mejumaa we, kohoa taratibu," alikuwa akisema, "majini wa Funzi watahama." Nikiyumba kwenda msalani husema, "Haya, msubirini, huyo ashuka jahazini." Nilicheka kwa maumivu. Kama utalazwa, mwombe Mungu akupe jirani wa namna hiyo, maana dawa peke yake hailei mtu.

Ikaingia kipupwe, na baridi ya alfajiri. Kila Jumapili Sista Wakesho alimleta Kassim mpaka uani, naye alikuwa akisimama mbali, akiniambia, "Shikamoo, dada," kisha akitaja majina: Mjomba, Mama, Mejumaa. Jumapili ya kwanza nilimwona sawasawa. Ya pili kanzu ilikuwa imelegea mabegani. Baada ya hapo kila Jumapili alikuja amepungua, mpaka mashavu yakaingia ndani na shingo ikawa kama yangu.

Hapo nilijua hofu ni nini. Kumbe ya mwanzo ilikuwa mazoezi tu. Nimemwambukiza, nilijiambia. Nimekula naye, nimelala chumba kimoja naye, nimempa kifo. Wakampiga picha ya kifua, wakampima makohozi, wakamtoa damu kidogo, nami nikangoja majibu nikiwa sili, nikiwa sijui kama ni sindano yangu au ya mwingine ninayodungwa. Majibu yakaja: hana kitu. Kifua safi, damu safi. Bi Zuhura akapiga kigelegele kilichoishia katika kikohozi.

Mimi sikufurahi. Ugonjwa ungekuwa na sindano yake. Huu usio na jina ungeponywa na nani?

Habari ya kutolewa damu ilifika Waa kabla ya habari ya majibu. Mjomba alikuja, akasimama pale pale bustanini, uso umebadilika rangi. "Wamemtoa damu, au hawakumtoa?"

"Ya kupima, mjomba. Kidogo tu."

"Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mtoto amekonda kama ukuti, na wewe umelala hapa unahesabu kenchi za paa. Ijumaa nikitoka msikitini naja kumchukua. Nimekwisha zungumza na wale jamaa."

Nilijua maana ya wale jamaa. Sista Wakesho alipopita jioni nilimshika gauni lake jeupe kwa maneno, maana kwa mkono nilikatazwa. "Sista, kwa heshima ya mama yako, niambie kweli. Mnamfanya nini ndugu yangu?"

Aliketi juu ya kiti, mbali kidogo, na niliona naye amechoka. "Hali, Bi Mejumaa. Uji wa kikombe anakunywa wote. Ndizi nikimpa mkononi anakula. Lakini sahani ya chakula ikiwekwa anaiangalia tu. Tumepika wali, tumepika samaki, tumempa kijiko, tumeondoa kijiko. Nimejaribu kumlisha kama mtoto, anafunga mdomo, anageuza uso. Tukichoka kungoja tunaiondoa, na machozi yanamtoka. Daktari anasema ni majonzi."

"Nipelekeni nimwone akila."

Daktari alikataa, kisha akakubali kwa masharti: nisimame nje ya dirisha, nifunge mdomo kwa kitambaa, nisiguse kitu. Ikapangwa iwe chakula cha mchana, Ijumaa. Nilitembea polepole ile njia ya mikanju, sakafu ya dunia ikiniyumba, masikio yakilia. Mjomba alikuwa amekwisha fika, kofia kichwani na mfuko mtupu wa nguo kwapani. Nilimwamkia, akaitika bila kunitazama. Tukasimama dirishani pamoja, ameacha nafasi ya mtu mmoja katikati yetu.

Ndani palikuwa safi. Meza ndefu, sahani za bati zimepangwa, kila mmoja ya kwake, kama ilivyoagizwa kutoka juu kwa ajili ya usafi. Wakubwa wale wakaingia kwa kelele zao. Mmoja wao, Mzee Ndoro, mwenye mvi na kichwa kidogo, alianza kula kabla ya kukaa vizuri. Kassim alinawa mikono vizuri, akakaa, akaiweka mikono mapajani. Wali wake ulikuwa unafuka moshi. Akautazama mkono wa Mzee Ndoro, ulioshuka katika sahani ya Mzee Ndoro. Akautazama mkono wa Sista, uliokuwa umeshika birika. Akautazama wa yule, na wa yule. Kisha akainamia sahani yake, ambamo hapakuwa na mkono wowote, akangoja.

Midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa akisema, "Bismi, Bismi," kama anayemkumbusha mtu.

Wiki zote zile mtu alikuwa akifa njaa mbele ya chakula chake kwa sababu ana adabu. Hakuna mkubwa aliyetia mkono katika sahani ile. Na mkubwa wake nilikuwa mimi, nimesimama kando ya dirisha, wala sikuthubutu kunyoosha mkono, kwa kuwa mkono wangu ndio ulioogopwa na watu wote, na mimi wa kwanza.

"Sista!" nilipiga kelele ndani ya kitambaa. "Tia mkono wako! Katika sahani yake, tia mkono, kula tonge moja!"

"Haturuhusiwi kula chakula cha—"

"Tia mkono, mwanangu!" Huyo alikuwa mjomba. Sauti yake ilipasuka. "Tia, useme Bismillahi!"

Sista Wakesho aliweka birika chini. Alikuwa Mkristo, na sijui kama neno lile aliwahi kulisema kabla ya siku ile, lakini alinawa, akamega wali kutoka sahani ya Kassim, akasema, "Bismillahi," akala. Na kabla hajamaliza kutafuna, mkono wa ndugu yangu ulikuwa umeingia. Alikula mpaka wali ukamkaba, akapewa maji, akala tena. Aliramba bati. Mjomba aliondoka dirishani, akaenda kusimama nyuma ya mkanju mmoja, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Hakumchukua. Juma lililofuata alirudi amebeba sinia kubwa la shaba, lile la harusi ya mama, kalifunga katika gunia. "Sahani moja moja ni mambo ya jela," alimwambia Sista, amekunja uso ili asionekane amelainika. "Waketisheni chini, wale pamoja." Bwana Ustawi alinung'unika kidogo kuhusu usafi, akaletewa wali wa nazi siniani, akanyamaza.

Vuli ilipoanza kunyesha sindano zikaisha, nikabaki na vidonge. Kassim akarudiwa na mashavu. Bi Zuhura hakurudiwa na kitu. Aliaga alfajiri moja kimya kimya, yeye asiyejua kunyamaza, na nilipoamka kitanda chake kilikuwa kimetandikwa upya. Niliogopa kukitazama. Bado ninamwombea.

Mwanzo wa kaskazi daktari aliniambia makohozi yangu hayana kitu, niende nyumbani, nimeze vidonge bila kukosa, na kwamba ninaweza kula na watu. Nilirudi Waa. Mke wa mjomba alinikumbatia kwa furaha ya kweli, akapika, kisha akaniletea sahani ile ile yenye ukingo wa buluu. Sikumlaumu. Niliipokea upesi, maana mimi mwenyewe nilikuwa nikiogopa kuliko yeye. Daktari amesema, ndiyo. Lakini daktari hakuwa ndani ya kifua changu, na nilipokohoa kwa vumbi tu, usiku mzima sikulala.

Nikakaa hivyo mwezi wote wa Ramadhani, nikifuturu peke yangu nyuma ya jiko. Nilikuwa na wazo moja: Idi nikamchukue Kassim nyumbani. Kisha wazo likajigeuza. Nikimchukua, na ugonjwa ukirudi? Nani atatia mkono?

Siku ya Idi nilivaa kanga mpya, nikachukua mfuko wa kubebea nguo zake, nikaenda. Nyumba ile ilikuwa imefagiliwa, mkeka umetandikwa verandani, na sinia la mama limejaa pilau ya samaki katikati. Walikuwa wameketi duara, na Sista Wakesho pamoja nao, kajifunga leso kiunoni. Kassim aliponiona alitaja jina langu mara nyingi. Alikuwa amenenepa, masha Allah. Aliniamkia vizuri, akaniketisha kando yake.

"Mimi nipeni sahani," nilimwambia Sista kwa sauti ya chini. "Nitakaa pale penye upepo."

"Daktari amekuruhusu, Bi Mejumaa."

"Najua. Nipeni tu."

Sista hakuinuka. "Tazama," akasema.

Mikono yote ilikuwa mapajani. Mzee Ndoro, ambaye zamani alikula kabla ya kukaa, alikuwa ananitazama, na wa pili yake, na wa tatu. Walikuwa wamefundishwa na Kassim. Mimi nilikuwa mgeni, na mgeni ndiye anayeanza. Pilau ilikuwa inapoa. Kassim aliukazia macho mkono wangu wa kulia, na midomo yake ikaanza, "Bismi, Bismi."

Sikuwa nimetia mkono katika chombo cha watu tangu masika ya mwaka ule. Nilinawa, nikasema Bismillahi, nikautia.

Wake ukafuata, kisha ya wote. Tulikula. Kassim alichambua mnofu mzuri wa samaki, akausukuma upande wangu kwa vidole, mdomo umejaa.

"Karibu, dada," akasema. "Kwetu."

Mfuko wake wa nguo nilikuwa nimeukalia. Nilirudi nao Waa mtupu, nimeshiba.